Puli ya inchi 8: kisa cha timu ya wanafunzi sita wa uhandisi na mashine ya kupukuchua mahindi

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinatoka katika chuo kimoja cha ufundi nchini Tanzania. Jina la chuo, mkoa, mwaka na majina ya wahusika vimeondolewa. Wanafunzi wanatajwa kwa kazi walizoshika ndani ya timu. Kimeandikwa kwa ajili ya wakufunzi wanaofundisha kazi ya timu, uongozi na ujasiriamali katika idara za uhandisi, hasa wale ambao wameona timu ya wanafunzi hodari ikitoa mashine mbovu na hawajui waanzie wapi kutafuta kosa.

Usuli

Somo ni la mwaka wa tatu, lina wiki 15, na kila wiki lina saa 2 za darasani na saa 4 za karakana. Kila timu hupewa mkopo wa shilingi 450,000 kutoka idarani na kazi moja: tengeneza kifaa ambacho mtu wa nje ya chuo yuko tayari kukilipia, kiuze, urudishe mkopo. Injini ya kujaribia ni ya karakana, haiuzwi pamoja na kifaa.

Alama ziligawanywa hivi: ripoti 60, kifaa chenyewe 30, uwasilishaji 10. Zote ni za timu, yaani wanachama wote sita hupata alama ileile. Mgawanyo huu usisahaulike, kwa sababu mengi yaliyofuata yalichipuka humo.

Mkufunzi aliongeza sharti moja ambalo halikuwemo katika mtaala. Hakuna timu kuchora chochote kabla ya kuzungumza na watu 10 wanaoweza kuwa wateja, na hairuhusiwi kuwauliza "mngenunua?" Swali hilo kila mtu hulijibu ndiyo kwa adabu. Walitakiwa waulize mambo yaliyokwisha kutokea: msimu uliopita ulipukuchua magunia mangapi, kwa njia gani, ulilipa nani na kiasi gani, nini kilikukera.

Timu na jinsi ilivyojipanga

Wanne walikuwa wa mitambo, wawili wa umeme. Mkufunzi ndiye aliyewapanga. Kiongozi walimchagua wenyewe kwa kupiga makofi, kwa kuwa tayari alikuwa mwakilishi wa darasa. Alipopendekezwa mwingine awe naibu, walikataa kwa methali: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kazi nyingine ziligawanywa kwa dakika chache: Mnunuzi, ambaye pia alishika fedha, wachomeleaji wawili, Msemaji wa kuzungumza na wateja, na Mchoraji, msichana pekee katika timu na aliyekuwa na alama za juu kuliko wote katika somo la ubunifu wa mashine. Akapewa na ukatibu. Hakuna aliyetoa sababu na yeye hakupinga.

Vikao vilipangwa saa 12 jioni, Jumanne na Alhamisi. Kati ya vikao walitumia kundi la WhatsApp.

Mtiririko: wiki ya 3 hadi ya 8

Wiki ya 3 timu ilikwenda kwenye gulio na kuzungumza na watu 11. Mazungumzo ya saba ndiyo yaliyowapa mteja: kikundi cha wanawake 14 wanaonunua mahindi kwa wakulima, kuyapukuchua na kuyauza kwa gunia. Walikuwa wakipukuchua kwa kupiga magunia kwa fimbo, au kusubiri mashine ya trekta ambayo ilifika ilipotaka. Wakataja mambo matatu ambayo hakuna mwanafunzi aliyeyafikiria. Mashine ibebwe na watu wawili, kwa sababu njia ya mwisho kwenda mashambani ni ya miguu. Magunzi yatoke mazima, kwa kuwa ndiyo kuni zao. Na punje zisivunjike, maana mnunuzi wao hukagua kwa macho kabla ya kupima.

Wiki ya 4 na ya 5 Mchoraji alifanya hesabu. Injini ni ya petroli ya nguvu farasi 6.5, ikiendeshwa mizunguko 3,000 kwa dakika. Dramu ya kupukuchulia, ikipimwa kwenye ncha za meno, ina kipenyo cha sentimita 25. Kwa mahindi makavu alilenga kasi ya ncha isiyozidi mita 10 kwa sekunde, hivyo dramu izunguke mara 750 kwa dakika. Maana yake puli, yaani gurudumu la kupitishia mkanda, ya injini iwe inchi 4 na ya dramu iwe inchi 16. Hesabu hii aliiandika kwa usafi kwenye daftari la vikao, ukurasa mmoja na orodha ya mahudhurio.

Wiki ya 6 walikubaliana bei na kikundi: shilingi 500,000 bila injini, advansi 200,000. Bei ilitokana na orodha ya vifaa iliyofika 382,000. Waliona wazi faida ya 118,000.

Wiki ya 7 Mnunuzi alikwenda dukani. Orodha aliyokuwa nayo haikuwa ya daftari. Ilikuwa ujumbe wa simu uliotumwa na Kiongozi usiku wa kuamkia siku hiyo. Mstari unaohusika ulisomeka "puli ndogo 1, puli kubwa 1". Muuzaji alimwekea mbili mezani. Ya inchi 16 ilikuwa 58,000, ya inchi 8 ilikuwa 22,000. Mnunuzi akachukua ya inchi 8, akaandika kwenye kundi kwamba ameokoa 36,000. Wanne walimpongeza. Mchoraji hakuona ujumbe huo hadi jioni, na alipouona alidhani ni puli ya kitu kingine.

Siku iliyofuata puli ilipelekwa kwa fundi wa mashine ya kukerezea, ikatobolewa milimita 30 kuendana na shafti na beringi, ikachongwa njia ya kabari. Kuanzia hapo duka lisingeipokea tena.

Wiki ya 8 mashine ilichomelewa. Kufikia wiki hiyo Msemaji alikuwa amehudhuria vikao 2 kati ya 8, na kwenye kundi alikuwa ameanza kuitwa mtegaji, yaani mkwepa kazi.

Jaribio la wiki ya 9

Wanachama watatu wa kikundi walikuja karakanani na magunia mawili ya mahindi yao. Kabla injini haijawashwa, mkufunzi alisimamisha kazi kwa dakika 50: mkanda haukuwa na kinga. Wateja walikuwa wamevaa vitenge, na mdomo wa kulishia uko sentimita 40 tu kutoka kwenye mkanda. Wachomeleaji walikata kipande cha bamba lililobaki, wakalikunja na kulifunga kwa boliti nne. Kinga haikuwa kwenye mchoro wowote wala kwenye orodha ya mtu yeyote.

Injini ikawashwa. Gunia la kwanza lilipita kwa kasi iliyowafurahisha wanafunzi. Mmoja alikuwa anarekodi kwa simu na kuhesabu sekunde kwa sauti. Mweka hazina wa kikundi hakuangalia saa. Aliteka viganja viwili vya punje, akazitandaza kwenye ungo aliokuja nao, akachuchumaa na kuanza kutenga kwa kidole: nzima upande huu, zilizopasuka upande ule. Kelele za injini ziliendelea. Rundo la zilizopasuka lilipoanza kuonekana, Msemaji, ambaye siku hiyo alifika, ndiye pekee aliyekwenda kuchuchumaa karibu naye na kutazama.

Walipima kwa mizani: kilo 1 iliyochotwa kutoka sehemu tatu za gunia ilikuwa na gramu 180 za punje zilizovunjika.

Maelezo ya kwanza ya timu yalikuwa kwamba mahindi ni mabichi. Kipimo cha unyevu kilionyesha asilimia 16, juu ya 13.5 inayotakiwa kwa mahindi ya kuhifadhi, kwa hiyo hoja ilikuwa na mguu wa kusimamia. Mkufunzi hakubishana. Aliwaagiza wafanye mambo mawili. Kwanza wapukuchue kilo 1 ya mahindi yaleyale kwa mikono: hazikupasuka punje zaidi ya tatu au nne. Pili wapunguze mafuta ya injini hadi izunguke polepole na wapitishe ndoo mbili: punje zilizovunjika zikashuka hadi gramu 60 kwa kilo, lakini dramu ikasongwa na magunzi mara mbili na injini ikazimika, kwani injini ya namna hii haina nguvu ikizunguka chini.

Majaribio hayo mawili yalitosha. Tatizo lilikuwa kasi ya dramu. Mchoraji akafungua daftari, akaipima puli kwa kanda ya kupimia, na kusema mbele ya wote: hii ni inchi 8. Dramu ilikuwa ikizunguka mara 1,500, ncha za meno zikienda karibu mita 20 kwa sekunde, maradufu ya alichokusudia. Kasi ikiwa maradufu, nishati ya pigo kwenye punje huwa mara nne.

Kikundi kiliondoka bila kudai advansi yao. Mwenyekiti wao alisema watasubiri wiki mbili.

Maamuzi baada ya jaribio, na sababu zake

Kikao cha wiki ya 10 kilikuwa na mapendekezo matatu mezani.

Kiongozi alitaka mashine iwasilishwe kama ilivyo, iendeshwe polepole mbele ya wasahihishaji kwa ndoo moja ya mahindi makavu, na muda uliobaki uende kwenye ripoti. Kwa hesabu ya alama alikuwa sahihi kabisa: ripoti ni 60, na msahihishaji asingeona zaidi ya ndoo hiyo. Mnunuzi alitaka wabadilishe injini kwa mota ya umeme ya mizunguko 1,440, jambo ambalo lingepunguza kasi lakini likapeleka mashine mahali pasipo na umeme. Mchoraji alitaka puli ya inchi 16 inunuliwe, hata kama fremu itakatwa.

Mkufunzi alihudhuria, na uamuzi wake mgumu ulikuwa kutokutoa jibu. Aliuliza swali moja: "Mna shilingi 200,000 za watu. Zinawadai nini?" Kisha akaweka utaratibu wa kikao. Kila mmoja azungumze dakika 3 bila kukatizwa, kuanzia aliyezungumza kidogo zaidi tangu wiki ya kwanza. Aliyeanza alikuwa Msemaji. Hapo ndipo wenzake walipojua kwamba jioni huwa kwenye kibarua cha kulipia ada, na kwamba alishamwambia Kiongozi mara mbili kwa ujumbe ambao haukujibiwa. Pia aliwaambia kile mweka hazina alichomwambia akiwa amechuchumaa kwenye ungo: kikundi kiko tayari kungoja mashine nzuri, lakini kikiuziwa mbaya, gulio zima litajua Jumamosi.

Waliamua yafuatayo.

Puli ya inchi 16 inunuliwe. Mchoraji alitafuta namna ya kutonunua mikanda mipya: puli ikikua, kitako cha injini kikisogezwa karibu kwa inchi 7, kutoka umbali wa inchi 24 hadi 17 kati ya shafti na shafti, mikanda ileile inatosha. Gharama ikawa puli na saa za kuchomelea tu.

Kiongozi abaki mwenyekiti wa vikao, lakini kila eneo liwe na mwenye kauli. Jambo la vipimo halibadilishwi bila Mchoraji, la mteja bila Msemaji, la fedha bila mtu wa pili kutia saini. Kutunza fedha kuliondolewa kwa Mnunuzi kukapewa mmoja wa wachomeleaji, ili anayenunua asiwe anayelipa.

Ukatibu uwe wa zamu kila wiki. Vikao vihamie saa 1 asubuhi.

Msemaji na Kiongozi waende pamoja kwa kikundi waeleze kosa lilivyotokea, wakiwa na puli ya inchi 8 mkononi. Mkufunzi alisisitiza waende wawili hao, kwa sababu mmoja alikuwa anaaminiwa na mteja na mwingine alikuwa na deni la kueleza.

Mkufunzi pia alifanya tathmini ya wenzao kwa wenzao, bila alama, kwa kuwa kanuni za mitihani haziruhusu kubadilisha alama katikati ya muhula. Kila mwanafunzi aligawa pointi 100 kwa wenzake watano. Wanne kati ya sita walimpa kila mtu 20.

Matokeo

Wiki ya 12 jaribio lilirudiwa kwa magunia matatu. Mashine ilipitisha gunia moja la kilo 100 kwa dakika 6, magunzi yakitoka mazima, na kilo 1 ya punje ilikuwa na gramu 30 zilizovunjika. Unyevu ulikuwa umeshuka hadi asilimia 14, kwa hiyo si haki kuipa puli sifa yote. Lakini jaribio la injini polepole la wiki ya 9, lililotumia mahindi ya siku ileile, lilikuwa limeshaonyesha kasi inabeba sehemu kubwa.

Wiki ya 13 mashine ilikabidhiwa na shilingi 300,000 zilizobaki zikalipwa. Mkopo ulirudishwa wote.

Hesabu halisi ya fedha ilikuwa hivi. Vyuma vya pembe 96,000, bamba 85,000, shafti 35,000, beringi mbili 36,000, puli mbili sahihi 70,000, mikanda 16,000, bomba la dramu na nondo za meno 30,000, boliti na nati 14,000. Hizo ndizo 382,000 za mwanzo. Kilichosahauliwa kilikuwa rodi za kuchomelea na mawe ya grainda 28,000, usafiri 25,000 na rangi 15,000, jumla 450,000. Ongeza puli ya inchi 8, yaani 22,000, na zilitumika 472,000. Kutoka kwenye 500,000 zilibaki 28,000. Saa za kazi zilizoandikwa karakanani zilikuwa 64. Kila saa ya mhandisi mtarajiwa ililipwa shilingi 437.

Wakati wa makabidhiano kikundi jirani kiliagiza mashine ya pili na kulipa advansi. Oda hiyo haikutimizwa. Muhula uliisha, karakana ikafungwa, wanachama wawili wakaenda mafunzo ya vitendo mkoa mwingine, na timu haikuwa na pa kuchomelea. Advansi ilirudishwa yote baada ya wiki tatu.

Alama ya timu ilikuwa 71. Timu mbili ambazo hazikupata mteja yeyote zilipata alama za juu zaidi, kwa ripoti nzuri.

Uchambuzi

*Uamuzi ulikuwepo, haukusafiri.* Ni rahisi kumlaumu Mnunuzi. Lakini alikwenda dukani na karatasi isiyo na kipimo, akachagua cha bei nafuu kama ambavyo mtu yeyote mwangalifu angechagua, na akatangaza alichofanya. Watu wanne waliusoma ujumbe na kumpongeza. Hesabu sahihi ilikuwa imeandikwa tangu wiki ya 5, lakini kwenye daftari ambalo katibu pekee alilifungua. Hapa kazi ya timu na uhandisi ni kitu kimoja: kipimo ambacho hakimfikii mnunuzi ni sawa na kipimo ambacho hakikuhesabiwa. Timu nyingi za wanafunzi hufundishwa kuandika kumbukumbu za vikao kwa ajili ya msahihishaji. Hazifundishwi kuandika orodha ya manunuzi ambayo mtu asiyekuwepo kikaoni anaweza kununua nayo bila kupiga simu.

Kumpa Mchoraji ukatibu kulizidisha tatizo. Mtu aliyekuwa na jibu alikuwa anaandika maneno ya wengine. Msichana pekee kwenye timu kupewa kalamu ni jambo tunaloliona mwaka baada ya mwaka, na mkufunzi asipoweka zamu ya ukatibu kama sharti, litajirudia bila mtu kukusudia ubaya.

*Uongozi.* Methali ya manahodha waliitumia kumaliza mjadala, na wakaielewa kwamba mmoja aamue yote. Anayejua kazi ya baharini anajua nahodha ana sarahangi wa kusimamia mabaharia, na anapofika mlangoni mwa bandari asiyoijua humsikiliza rubani, hata kama chombo ni chake. Kiongozi wa timu hii alikuwa mchapakazi. Alituma orodha usiku, alikusanya michango, alikumbusha tarehe. Alichokosa ni kujua ni neno la nani linalotawala katika kila jambo. Walipoweka mwenye kauli wa kila eneo, vikao vilipungua kutoka saa 2 hadi dakika 40, kwa sababu mambo mengi hayakuhitaji tena watu sita kuyajadili.

Pendekezo lake la kuwasilisha mashine mbovu lisichukuliwe kuwa udhaifu wa tabia. Lilikuwa jibu la mtu aliyesoma jedwali la alama. Sisi walimu tukilipa ripoti 60 na kifaa 30, tumeshafundisha somo la ujasiriamali kabla hatujafungua mdomo, na somo lenyewe ni kwamba mteja ana thamani ndogo kuliko jalada.

*Kutegea.* Mwaka 1913 Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha vipimo vya watu wanaovuta kamba. Watu 8 wakivuta pamoja, nguvu yao ilikuwa chini kidogo ya nusu ya jumla ya nguvu walizotoa mmoja mmoja. Sehemu ya upungufu ni kutovuta kwa wakati mmoja, sehemu ni mtu kulegeza akijua wengine wapo. Timu ya watu sita kwa mashine moja ina nafasi kubwa ya mambo yote mawili. Katika kisa hiki, aliyeitwa mtegaji alikuwa na tatizo la ratiba, na dawa yake ilikuwa kubadilisha saa. Wakati huohuo mmoja wa wachomeleaji alihudhuria kila kikao na hakushika kazi yoyote inayoweza kuonyeshwa hadi wiki ya 8. Mahudhurio hayapimi mchango. Kinachopima ni kitu chenye jina na tarehe: mchoro, risiti, kiungio kilichochomelewa, mazungumzo na mteja yaliyoandikwa.

Tathmini ya 20 kwa kila mtu isishangaze. Wanafunzi hawa wanaishi chuo kimoja na kukopeshana chumvi. Wakiulizwa nani hakufanya kazi, watalindana, na huo ni utu wao. Swali linapaswa kubadilishwa liulize nini kilifanywa na nani, lini.

*Bei.* Kosa la bei lilikuwa kubwa kuliko kosa la puli, ila halikupiga kelele. Ukiweka saa 64 kwa shilingi 2,500 kila moja, yaani 160,000, na umeme pamoja na uchakavu wa vifaa vya karakana 30,000, mashine inagharimu 640,000. Waliiuza kwa hasara ya 140,000 iliyobebwa na idara pamoja na usingizi wao. Timu ilifanya vyema kuiheshimu bei iliyokubaliwa kwa mteja wa kwanza, na kuweka 720,000 kwa anayefuata.

Je, 720,000 inalipika? Swali hili wanafunzi hulikwepa kwa kusema "soko lipo". Hesabu yake ni fupi. Kikundi kikimpukuchulia mtu mwingine hutoza shilingi 2,000 kwa gunia. Petroli hula takriban 400, mwendeshaji 500, hubaki 1,100. Mashine ya 720,000 na injini ya 380,000 ni 1,100,000, sawa na magunia 1,000, au saa 100 za kazi kwa kasi ya magunia 10 kwa saa, bila kuhesabu vipuri. Mwanafunzi anayeweza kumwonyesha mteja mstari huo hahitaji kumshawishi kwa maneno, na akiona magunia ya kijiji hayafiki 1,000 kwa misimu miwili, aache mradi mapema.

*Kilichofaa.* Mazungumzo kabla ya mchoro yalifanya kazi kuliko kitu kingine chochote katika somo hili. Bila sharti la kuuliza mambo yaliyopita, timu isingesikia habari ya magunzi wala ya punje zilizopasuka, na jaribio la wiki ya 9 lingehesabiwa kuwa limefaulu kwa sababu mashine ilikuwa na kasi. Advansi ilifanya kazi ya pili. Deni kwa watu wanaojulikana kwa sura lilishinda jedwali la alama kwenye kikao cha wiki ya 10, jambo ambalo hotuba ya mkufunzi isingeliweza. Na mkufunzi alijua pa kuingilia: kwenye usalama alisimamisha kazi papo hapo bila mjadala, kwenye puli aliwaachia wapime wenyewe.

*Upande wa chuo.* Kufa kwa oda ya pili si kosa la wanafunzi. Walifundishwa kuuza katika wiki 15, na hakuna aliyefikiria wiki ya 16. Chuo hakikuwa na utaratibu wa kukodisha karakana, hakuna aliyejua mchoro ni mali ya nani, na timu haikuwa na jina la biashara. Afisa wa SIDO, shirika la viwanda vidogo lililopo tangu 1973, aliletwa kuzungumza nao wiki ya 14, walipokuwa wakifunga mizigo.

Kilichobadilishwa mwaka uliofuata

Timu zilipunguzwa kuwa za watu wanne. Alama ziligawanywa upya: ripoti 25, kifaa kikijaribiwa na mteja akiwepo 40, daftari la fedha na saa za kazi 20, uwasilishaji 15.

Nusu ya alama ya timu ni ya wote. Nusu nyingine huzidishwa kwa kigawe cha mtu, yaani wastani wa pointi alizopewa na wenzake ukigawanywa kwa 20. Kila mwanafunzi hugawa pointi 60 kwa wenzake watatu, wastani ukiwa 20, na kila pointi juu au chini ya 20 lazima iambatane na sentensi moja inayotaja kazi na tarehe. Timu ikipata 70, mwenye wastani wa 24 ana kigawe cha 1.2, hivyo hupata 35 na 42, jumla 77. Mwenye 14 ana 0.7, hupata 35 na 24.5, jumla 59.5. Fomu hujazwa mara mbili, wiki ya 6 na ya 13. Ya wiki ya 6 haina alama. Ni ya kuonya mapema, na mkufunzi huzungumza faragha na kila aliye chini ya 16 kabla ya kudhani ametegea. Swali la kwanza katika mazungumzo hayo ni saa za vikao.

Orodha ya manunuzi ina safu sita: kifaa, kipimo, idadi, bei ya juu inayoruhusiwa, nani alikihesabu, na "kisipopatikana mpigie nani". Mkufunzi hasaini fedha kutoka ikiwa safu ya pili ina neno "kubwa" au "ndogo".

Mchoro usio na kinga ya mkanda haupokelewi.

Afisa wa SIDO huja wiki ya 4, na wiki ya 10 timu yenye advansi huamua kwa maandishi kama itaendelea baada ya muhula. Ikiamua hivyo husajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Karakana sasa hukodishwa kwa siku wakati wa likizo, fundi wa zamu akiwepo. Suala la umiliki wa michoro bado liko kwenye kamati ya chuo.

Puli ya inchi 8 imetundikwa kwenye ukuta wa karakana, juu ya meza ya kugawia vifaa, na karatasi ya bei yake ikiwa bado imebandikwa.